Maiki mmeishika nyie, mama kakaa chini

Bwana Yesu asifiwe wanangu wa kikundi cha maombi na timu ya sifa. Shikamoo zenu nazijua, marahaba, ila leo sijaja kwa salamu. Nimekaa na hili jambo wiki tatu sasa tangu ule mkesha, nikasema labda ni hasira za uzee zitapita, hazijapita, kwa hiyo naandika, na naandika mbele za watu maana nikiwaita pembeni mtasema ndio baba ndio baba halafu mkitoka hapo mnaenda kucheka.

Ilikuwa saa sita kasoro usiku. Yule mama yetu wa vitumbua alisimama, mstari wa tatu kushoto, kashika daftari la mtoto wa shule amelikunja katikati. Wote mlimwona. Kijana aliyekuwa anaongoza akamwambia kwenye spika, mama tunaomba ukae kidogo, Roho bado anatembea. Mama akakaa. Aliyekuwa na maiki akaendelea nayo mpaka saa nane na nusu, nilikuwa naangalia saa yangu, kibodi inapigwa chini kwa chini, lugha ambazo hakuna aliyezifasiri, halafu sentensi moja inarudiwa na kurudiwa mpaka watoto waliokuwa wamelala kwenye mikeka wakaamka wakaanza kulia, na pembeni kijana mwingine ameshika simu anarusha laivu anahesabu watu walioingia.

Asubuhi nilimkuta mama pale bombani ananawa miguu nikamuuliza, ulikuwa na neno gani jana? Akafungua daftari. Mistari mitatu tu. Kijana wake aliyeenda machimboni akapotea miaka minne kapiga simu, yuko hai. Alitaka tusome wote Zaburi ya 126. Halafu alitaka tumwombee jirani yake ambaye wa kwake bado hajapiga. Basi. Dakika tatu, nne akilia kidogo. Akaniambia, labda haikuwa zamu yangu mzee wangu, akalifungia daftari kwenye khanga akaenda kuwasha jiko.

Sasa nyie kila siku mnaniambia mnataka kanisa la kwanza lirudi, kanisa la moto, sio hili letu la kukaa na kusimama kwa ratiba. Vizuri. Twendeni basi huko kanisa la kwanza tukaone kulikuwaje.

Korintho ule haukuwa mji wa mchezo. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, Julius Kaisari akaufufua mwaka 44, bado kabla ya Kristo, akajaza humo watumwa walioachwa huru na watu wa kutafuta maisha, una bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, pesa inaingia na kila dini inaingia. Paulo alikaa pale mwaka mmoja na nusu, na tunajua ni miaka ya hamsini na kitu mwanzoni kwa sababu Galio liwali aliyeletewa kesi yake jina lake limekutwa kwenye jiwe kule Delphi, Ugiriki hukohuko. Hakukuwa na jengo la kanisa. Walikutana kwenye nyumba za watu, Gayo ndio ametajwa kuwa mwenyeji wa kanisa lote. Chumba cha kulia cha nyumba ya mwenye nacho kipindi kile kilikuwa cha makochi matatu, watu tisa hivi wamejinyoosha, wengine wote uani. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini Paulo alipiga kelele kuhusu chakula cha Bwana, matajiri wanawahi wanakula wanalewa, mtumwa anatoka kazini jioni anakuta mabakuli matupu. Dawa aliyowapa ni neno moja tu, mngojane.

Na hapo ndipo ilipoanzia fujo yote, hawakujua kungojana. Wasiojua kungojana mezani hawawezi kungojana kwenye maombi. Paulo akiwa Efeso akasikia habari zao, akaandika ile Korintho ya kwanza, na sura ya 14 ndiyo ninayoisoma hapa. Na angalieni alichoandika, maana hapa ndipo nyie na wazee wenzangu wote mnapokosea, kila mmoja kwa upande wake. Hakuwaambia waache karama. Hakuwatumia ratiba iliyochapwa. Alisema mkikutana kila mmoja ana zaburi, ana fundisho, ana ufunuo, ana lugha, ana tafsiri. Kila mmoja! Sio timu. Sio mgeni kutoka mjini aliyetumiwa nauli. Halafu papo hapo akaweka namba: lugha wawili, sana sana watatu, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Manabii wawili au watatu, wengine wapime.

Halafu mstari wa 30, huu ninaomba muuandike pale ukutani kwenye yale maua ya plastiki: mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze.

Someni tena. Hakusema aliyeketi asubiri mpaka wa kwanza amalize upako wake. Amesema aliyesimama ndiye anyamaze. Mwenye maiki ndiye anayekatishwa na sio aliyekaa. Kwa Paulo ule mkesha wetu ungeenda hivi: mama kasimama na daftari lake, mhubiri anamwona, anasema amina, anakaa. Nyie mliugeuza mstari chini juu mkauita uongozi wa Roho.

Najua mtajibu, baba nilizidiwa, Roho alinishika nisingeweza kuacha. Mstari wa 32 roho za manabii huwatii manabii. Wale watu walikulia karibu na Delphi kwenye uaguzi wa Apolo, yule mungu wa Wagiriki, wanajua mambo ya kupagawa, na Paulo anawaambia kwetu haiko hivyo, wewe unaweza kufunga mdomo na Roho akabaki yuleyule. Anayekuzidi mpaka usiweze kukaa chini kwa ajili ya mwenzako, huyo mimi simjui, mjaribuni vizuri.

Na kuna mmoja wenu, simtaji, aliniambia eti tena imeandikwa wanawake wanyamaze. Mwanangu. Umeruka wapi? Sura ya 14 hiyohiyo neno anyamaze limekuja mara tatu. La kwanza, mwenye lugha asiye na mfasiri anyamaze. La pili, nabii wa kwanza anyamaze. La tatu ndio hilo la wanawake, na hilo wasomi wanabishana mpaka leo linahusu nini hasa, maana sura ya 11 ya barua hiyohiyo Paulo anatoa maelekezo mwanamke akisali au kutoa unabii afunikeje kichwa, sasa angemfunika vipi mtu asiyeruhusiwa kufungua mdomo? Wewe anyamaze mbili za kwanza zinazokuhusu umezipita mbio kama umeona trafiki, ya tatu isiyokuhusu ndio umeikariri.

Sisemi haya kama mtu msafi. Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa umri wenu, nilikuwa na sauti, na nilijua kwamba ninayo. Sisi tulikulia kwenye zile fellowship za uamsho, ule moto uliotoka Gahini Rwanda miaka ya thelathini ukapita Uganda ukashuka kwetu Kagera, watu wamekaa kwenye majani chini, mmoja anatubu, mmoja anashuhudia, wanaimba Tukutendereza hata wale wasiojua Kiganda. Siku moja nikasimama nikaongea mpaka taa ya chemli ikaanza kufuka. Mzee mmoja kipofu akiwa kwenye kona akasema kwa upole kabisa, kijana, Roho alishamaliza, umebaki wewe. Watu wakaanza wimbo. Nilikaa chini masikio yanawaka, nikamchukia yule mzee miezi miwili. Ila baada yangu alisimama binti mmoja hajawahi kusema kitu tangu aje, akasema maneno matano labda sita, na watu walilia mpaka usiku ukaisha. Nimeshahubiri mara nyingi sana tangu siku ile, na sijawahi kusema kitu kama kile.

Mengine nayataja tu maana nayo yapo. Sauti ya spika ipunguzeni, jirani zetu Waislamu wana haki ya kulala. Asiye Mkristo akiingia asituone tuna wazimu, hiyo nayo Paulo ameisema. Tafsiri kama haipo mtu aongee na Mungu wake kimyakimya. Anayetoa unabii apimwe na aliyepimwa asinune. Msirushe laivu mtu anayetubu.

Na huyo mhubiri mgeni wenu wa bahasha. Kuna kijitabu kinaitwa Didake, cha Wakristo wa mwanzo kabisa, mwisho wa karne ya kwanza au hapohapo mwanzo wa ya pili, kilipotea kikaja kuonekana kwenye maktaba kule Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1873. Kinasema mtume akija apokelewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo. Akiomba hela ya kujitia mfukoni, nabii wa uongo. Akisema katika Roho nipeni fedha, msimsikilize, labda kama anaombea wenye shida. Lakini kijitabu hichohicho kinasema manabii waachwe watoe shukrani kadiri wanavyotaka. Vyote viwili vilikuwa humo ndani, geti na mlango wazi. Mgeni wetu alikaa siku tano, sitaki kusema zaidi.

Sasa niwageukie wazee wenzangu mliokuwa mnatikisa kichwa mnafurahi kwamba vijana wamesemwa. Sisi ndio tulioanza. Justino, yule mwalimu Mkristo aliyekuja kuuawa kwa imani yake, alipoeleza ibada za Roma mwaka 155 hivi, wanasoma kumbukumbu za mitume kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi anahutubu, wote wanasimama wanaomba, mkate na kikombe, watu wanaitika amina, sadaka inaenda kwa yatima na wajane. Nzuri sana, ina utaratibu. Ila ukiitafuta ile kila mmoja ana zaburi huioni, imeshaanza kuyeyuka, mwenye kusema amebaki mmoja. Na sisi tumeendeleza kazi hiyo vizuri. Ratiba ya Jumapili ina salamu za wageni, salamu za kamati, salamu za kamati ya ujenzi, matangazo dakika thelathini, mnada wa kuku, na hakuna nafasi hata moja ya mtu kusimama akasema Mungu kanitendea hivi. Msimzimishe Roho, Wathesalonike waliambiwa, na sisi tumemzima kwa mnada wa kuku. Vijana wakaona hamna pa kupumulia wakaenda kuanzisha mikesha yao, na huko nako wakafanya kama sisi, wakabadilisha suti tu.

Na sio kanisani peke yake jamani. Nendeni kikao cha harusi, mwenyekiti anaongea saa nzima halafu wajumbe wanaulizwa kama wana nyongeza. Msibani MC anaongea kuliko wafiwa. Mkutano wa mtaa mgeni rasmi anachelewa saa tatu, akifika anahutubia, maswali hayapo kwa sababu ya muda. Nchi nzima tumekuwa watu wa spika moja na viti vingi. Nilitegemea kanisani ndio mahali pekee ambapo muuza vitumbua angemkatisha mtu.

Wanangu nawapenda, mnajua. Wengine nimewabeba kwenye ubatizo, mmoja wenu alinikojolea koti. Sitaki muache mikesha, sitaki mpoe. Kijana aliyeshika maiki siku ile ana kitu cha kweli ndani yake, nimeona, ila aende kwa yule mama, asimwombe msamaha kwa meseji, aende kwa miguu, stendi anajulikana.

Halafu mkesha wa mwisho wa mwezi nimeona ratiba mmeshaiweka kwenye WhatsApp na mmeniandika mimi, nasaha za mzee, dakika kumi na tano, saa tano usiku. Futeni hapo. Wekeni kiti mbele na maiki iwe kwenye stendi yake bila mtu, mimi nitakaa mstari wa tatu kushoto. Nimeshamwambia aje na daftari.