Mwanangu, hiyo 52 si hukumu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mkeo amenitumia picha ya majibu yako, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mimi nimestaafu nikitokea wodini, basi acha nikusomee.

Uchujaji wa figo zako, yaani namba inayoonyesha zinavyosafisha damu, ni 52, na ikishuka ndipo figo hudhoofika. Hiyo dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine, inayokunyima usingizi huanza kuzungumzwa namba ikikaribia 15. Wewe uko mwanzoni mwa hatua ya tatu kati ya tano za ugonjwa wa figo, kama kweli uko huko, maana kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa wa figo sugu. Hali lazima idumu zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo utarudia. Kinachonisumbua zaidi ya hiyo 52 ni protini kwenye mkojo, kwa sababu figo nzima haiachi protini ipite hivyo. Mwombe daktari apime albumini, ndiyo protini yenyewe, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na sukari pia.

Sasa presha. Uliniambia umeacha losartani, dawa yako ya presha, kwa sababu kichwa hakiumi. Baba, presha haina haja ya kukuuma ili ikuharibu. Vimishipa vinavyochuja damu ni vyembamba mno, na huumia kimyakimya kwa miaka. Tunataka ishuke chini ya 130/80. Hiyo losartani uliyoidharau hupunguza msukumo ndani ya figo kwenyewe na kuzuia protini isivuje. Ukiianza tena, kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huutoa, inaweza kupanda kidogo, usishtuke ukaiacha. Daktari atakupima kreatinini na potasiamu, madini ya damu ambayo dawa hiyo inaweza kuyapandisha, baada ya wiki moja au mbili, aamue yeye.

Diklofenaki, vidonge vyako vya maumivu ya mgongo, ziache leo hii. Najua usukani wa lori unavyoumiza kiuno, na najua kila duka la dawa njiani linakuuzia bila kukuuliza lolote. Dawa hizo, na ibuprofeni pia, hubana damu inayoingia kwenye figo. Kiuno kikikaza, meza paracetamol kwa kipimo chake.

Shangazi yako ameshachemsha mizizi ya "kusafisha figo". Mwambie umeshukuru, kisha uniachie mimi ugomvi huo. Na maji kunywa ukisikia kiu. Kujilazimisha ndoo nzima hakurudishi figo.

Kwenye chakula, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda na papa mkavu unaowapenda. Ndizi zina potasiamu, lakini usiziache kwa maneno ya barazani, subiri majibu ya potasiamu.

Nimemwomba mkeo anunue mashine ya presha. Atakupima asubuhi kabla ya chai, ukiwa umekaa na kutulia kidogo, na namba atanitumia mimi moja kwa moja. Wewe nakujua, ungenipunguzia.

Mama yako