Mmea ule sitakuletea, mwanangu

Wilmington, Mei

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata kwenye barua, marahaba. Mimi mzima. Umeniomba nikija Desemba nikuletee ule mmea unaokula nzi uliouona kwenye kitabu cha biolojia. Sitakuletea. Sitaki udhani baba amekunyima, kwa hiyo nakusimulia nilichokiona Jumamosi iliyopita.

Nilikwenda Green Swamp, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa ninapoishi, jimbo la North Carolina, Marekani. Ni kinamasi chenye misonobari mirefu iliyoachana, na chini yake nyasi tupu. Duniani kote, asili ya mmea huo porini ni hapa tu: kilomita 120 hivi kuuzunguka mji huu, pamoja na kipande cha South Carolina. Jina lake la kitaalamu ni Dionaea muscipula.

Nilitegemea kitu kikubwa cha kutisha, nikaupita mara nyingi bila kuujua. Kilichonisimamisha ni maua meupe juu ya kijiti cha shubiri moja. Nikachuchumaa, na pale chini, katikati ya nyasi, mitego ilikuwa imetandazwa, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba changu: pande mbili zilizo wazi, nyekundu ndani, na pembezoni meno kama kope za mtoto. Neema, nilikaa pale hadi magoti yakaloa.

Ndani ya kila upande kuna vinywele, kwa kawaida vitatu. Mdudu akigusa mara moja, mmea hautikisiki. Huenda ni tone la mvua tu. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, mtego unajifunga kufumba na kufumbua. Nilimwona sisimizi akiingia, akatoka salama. Wa pili hakutoka. Ingawa watu wanauita mtego wa nzi, unaowanasa zaidi ni sisimizi na buibui, yaani watambaao. Wale wanaoruka kuchavusha maua hufikia juu, mbali na mitego.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Chakula chake mmea ule hujitengenezea kwa mwanga wa jua, sawasawa na mahindi ya bibi yako. Ila udongo wa pale ni mchanga wenye tindikali, maji yameondoa karibu rutuba yote, naitrojeni ni haba mno. Mdudu ndiye mbolea yake. Humsaga polepole, siku tano, hata kumi na zaidi, kisha hufunguka tena. Na mtego mmoja hufanya kazi hiyo mara chache tu kabla ya kufa, ndiyo maana sikuuchokoza kwa kidole ingawa nilitamani sana.

Unahitaji moto pia. Vichaka vikiachwa vikue vinaufunika, unakosa jua na kufa, kwa hiyo watunzaji huchoma nyasi kwa makusudi. Misonobari niliyoiona ilikuwa na magome meusi hadi usawa wa kifua changu.

Hatua chache mbele nilikuta vishimo vinne vya udongo mbichi. Mtu alikuwa amechokoa mimea na kuondoka nayo. Nilisikia uchungu kama nimeibiwa mimi. Tangu Desemba 2014 kuung'oa bila ruhusa katika jimbo hili ni kosa kubwa la jinai, mtu anaweza kufungwa, na bado wanakuja. Ipo inayooteshwa vitaluni na kuuzwa kihalali, lakini hata huo sitaki kuufungia kwenye begi. Nataka siku moja nikulete wewe uuone ulipo.

Kwa sasa fanya hivi. Hata kwetu Tanzania ipo mimea inayonasa viumbe, ya jamii ya Utricularia. Baadhi huelea kwenye maji yaliyotuama, hata kwenye majaruba ya mpunga, haina mizizi, na ina vifuko vidogo vinavyofyonza vijidudu vya majini kwa kasi kuliko hata huu wa huku. Likizoni ukiwa Ifakara, mwombe bibi mwende wote pale maji yasipotembea. Peke yako usiende. Chota kwa bakuli jeupe, utafute nyuzi laini za kijani zenye vipunje kama mbegu za mchicha. Ukiviona, vichore, kisha urudishe maji yote pale pale. Mchoro nitumie.

Baba yako