Eosinofili Zimepanda: Kwa Nini Tunakuomba Choo Baada ya Kupima Damu

Wateja wengi wanaopokea majibu ya picha kamili ya damu kutoka maabara yetu huuliza kwa nini bado tunapendekeza wapime na choo. Sababu iko katika mstari mmoja wa majibu hayo, unaotaja eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 5 au 6 ya chembe nyeupe zote. Mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879 baada ya kuona zinavyokolea rangi nyekundu ya eosini, na hadi leo wekundu huo ndio unaotusaidia kuzitambua kwenye hadubini.

Bakteria humezwa na chembe nyeupe nyingine, lakini mnyoo hamezeki, kwani hata akiwa lava, yaani mnyoo mchanga, huizidi chembe kwa ukubwa mara nyingi. Kwa hiyo kingamwili humganda kwanza, kisha eosinofili humzingira na kummwagia protini zenye sumu zinazoharibu ngozi yake. Sumu hiyo haichagui: huumiza pia tishu za mgonjwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kikohozi na kubanwa kifua wakati lava wa askarisi, minyoo mikubwa ya mviringo ya utumbo, wanapopita mapafuni.

Eosinofili zikizidi 500 katika mikrolita moja ya damu, tunashuku minyoo, ingawa mzio, pumu na baadhi ya dawa huzipandisha vilevile. Malaria, amiba na giadia, ambavyo navyo ni vimelea, kwa kawaida havizipandishi, hivyo kiwango cha kawaida hakimaanishi kwamba huna kimelea chochote.

Jambo linalowatatiza wateja zaidi ni choo kuonekana safi ilhali eosinofili ziko juu. Majibu hayo hayapingani. Chembe hizi hupanda sana lava wanapokuwa bado safarini mwilini, ilhali mayai ya askarisi huanza kuonekana chooni miezi 2 hadi 3 baada ya maambukizi. Ndiyo maana tunaomba sampuli za siku tofauti, na mkojo pia pale kichocho kinaposhukiwa.

Tafadhali tujulishe iwapo unatumia dawa za steroidi (za kupunguza uvimbe na mzio), kwa kuwa hushusha eosinofili na kuficha dalili hiyo, na kwa mtu mwenye minyoo wa strongiloidi zinaweza kuwafanya wasambae mwilini kwa namna inayohatarisha maisha.