Anayeanza kununua sarafu za dhahabu aulize kwanza nani atazinunua tena

Ndugu Mhariri,

Tangu bei ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia moja (gramu 31.1) mnamo Oktoba 2025, mazungumzo ya kuweka akiba kwa dhahabu yametoka katika maduka ya masonara na kuingia katika vikundi vya kuweka na kukopa na katika simu za jamaa zetu walioko ughaibuni, na wengi wanaouliza hawajawahi kumiliki dhahabu yoyote isipokuwa pete ya ndoa. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja na wale wanaotaka kununua sarafu za dhahabu na kuzihifadhi kwa miaka mingi. Uzuri wa sarafu, uchache wake na hadithi yake vije baadaye. Swali la kwanza ni nani atakayeinunua tena kutoka mikononi mwako, na kwa bei gani.

Sarafu zinazojibu swali hilo vizuri ni zile za kawaida, zinazotengenezwa kwa wingi na kujulikana kila mahali. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina wakia moja kamili ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1, ingawa sarafu yenyewe ina uzito wa gramu 33.93 kwa sababu ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba. Nimewasikia watu wakiikataa kwa kudhani kwamba karati 22 ni kupunjwa. Hawapunjwi chochote, kwa kuwa dhahabu waliyoilipia imo yote, na shaba iliyoongezwa huipa sarafu ugumu ili isichubuke upesi inaposhikwashikwa. Maple Leaf ya Kanada, Philharmonic ya Austria na Britannia za Uingereza zilizotolewa tangu mwaka 2013 ni za karati 24, kwa hiyo ni laini zaidi na zinahitaji kuachwa ndani ya vifuko vyake. Kwa mwenye fedha kidogo ipo Sovereign, pauni ya dhahabu ya Uingereza, yenye uzito wa karibu gramu 8, ambazo ndani yake gramu 7.32 ni dhahabu safi.

Hakuna sarafu inayouzwa kwa thamani ya dhahabu yake peke yake. Mnunuzi hulipa nyongeza juu ya bei ya soko la dunia, na anapouza hupokea pungufu ya bei hiyo, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama halisi ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua sarafu ya wakia moja kwa nyongeza ya asilimia 5, na ambaye muuzaji yuleyule angeinunua tena kwa asilimia 2 chini ya bei ya soko: dhahabu italazimika kupanda kwa takriban asilimia 7 kabla mtu huyo hajarudisha fedha zake. Akinunua sarafu ndogo ya sehemu ya kumi ya wakia kwa nyongeza ya asilimia 15, na kuiuza kwa asilimia 5 chini ya bei, atasubiri dhahabu ipande kwa asilimia 21. Kazi ya kugonga sarafu ndogo hailingani na udogo wake, na ndiyo maana gramu moja ndani yake huwa ghali kuliko gramu moja ndani ya sarafu kubwa. Hata hivyo simkatazi mtu kununua ndogo, kwa sababu anayemiliki sarafu moja kubwa hawezi kuuza robo yake siku ya ada za shule; ninachosisitiza ni kwamba aulize bei zote mbili, ya kununua na ya kuuza, kabla hajatoa fedha.

Mtego mkubwa zaidi ni sarafu za wakusanyaji, na sisi tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimeikatia Afrika Mashariki ya Kijerumani njia ya kupata fedha kutoka Berlin, serikali ya kikoloni iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, na upande mmoja ikachora tembo mbele ya mlima. Ni sarafu ya kupendeza, nami naiheshimu kama kipande cha historia ya nchi yetu. Lakini dhahabu safi iliyomo haifiki gramu 6, ilhali katika minada huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi thamani ya dhahabu hiyo. Ziada yote hutegemea hali ya sarafu, uhalisi wake na shauku ya wakusanyaji wachache, na nakala za kughushi zipo. Anayeinunua anafanya biashara ya vitu vya kale, ambayo inahitaji elimu ya miaka mingi. Sarafu mpya za ukumbusho zinazouzwa ndani ya visanduku vya mahameli pamoja na vyeti zinaingia katika kundi hilohilo, na mara nyingi zina ahadi kubwa kuliko soko.

Wasomaji wengi hununua kupitia ndugu walioko nje, na hapo mahali pa kununulia hubadilisha uchaguzi. Katika Falme za Kiarabu, ambako kodi ya ongezeko la thamani ilianza mwaka 2018, kiwango cha sifuri hutolewa kwa dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi. Krugerrand, yenye asilimia 91.67, haifikii kipimo hicho, kwa hiyo aliye Dubai ana sababu ya kuchagua sarafu ya karati 24. Nchini Uingereza, Sovereign na Britannia, kwa kuwa ni fedha halali ya nchi hiyo, hazitozwi kodi ya faida ya mtaji mkazi wa huko anapoziuza. Mwenye kuzileta nyumbani atamke forodhani na atunze stakabadhi. Asidanganyike pia kwamba dhahabu ghafi ya mchimbaji ni njia ya mkato ya kufikia akiba hiyohiyo: hapa Tanzania, kuinunua bila leseni ya madini ni kosa la jinai.

Kuhusu sarafu bandia, mizani ya sonara na kipimo cha kupimia kipenyo na unene husaidia sana, kwa kuwa madini ya risasi ni mepesi mno kuliko dhahabu, na sarafu ya madini hayo yenye uzito sahihi italazimika kuwa nene au pana kupita kiasi.

Ninapotaja miaka mingi, namaanisha mingi kweli. Aliyenunua dhahabu Januari 1980, ilipofika dola 850, alisubiri hadi Januari 2008 kuiona tena bei hiyo, na katika miaka yote hiyo 28 sarafu yake haikumpa riba wala gawio, huku dola yenyewe ikipungua thamani. Ndiyo maana naogopa kumwona mtu akiuza kiwanja au kukopa ili anunue wakati bei imepanda. Anunue kidogo kidogo kwa fedha asizozihitaji, na dhahabu iwe sehemu tu ya akiba yake. Waislamu wakumbuke kwamba dhahabu safi inayofika takriban gramu 85 na kukaa mwaka mzima inatolewa zaka ya asilimia 2.5, na kwamba sarafu tatu za wakia moja zinatosha kufikia nisabu hiyo.

Mwisho nina ombi kwako, Ndugu Mhariri. Pale gazeti lako linapochapisha viwango vya kubadilishia fedha, lichapishe pia bei ya gramu moja ya dhahabu safi kwa shilingi. Mstari huo mmoja utamwezesha mkulima wa Handeni au mwalimu wa Kigoma kuzidisha mwenyewe gramu zilizomo katika sarafu anayoonyeshwa, na kujua amewekewa nyongeza kiasi gani kabla hajafungua pochi.

Msomaji wako,
Tanga