Kinyonga mgeni mwacheni apumue

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua kuna mambo mazito ya kuandika, bei ya unga na uchaguzi na nini, lakini hili nalo limenikaa rohoni na najua siko peke yangu, maana huku Marekani watoto wetu wanataka kufuga ndani vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavikimbia. Wa kwangu ana miaka 12, akataka kinyonga. Mimi nimezaliwa Amani kule Muheza, kwenye ule msitu wa Usambara, vinyonga wenye pembe mbili puani tulikuwa tunawaona kwenye michongoma tukienda shule na tunapita mbali kabisa, bibi alishatuambia akikupanda kichwani umekwisha. Leo nimlipie hela aje alale sebuleni kwangu? Nililipa. Mtoto aliahidi hesabu atapata A, akaipata, ningesemaje.

Huyu wetu sio wa kwetu, ni wale wa Yemen wenye kama kofia kichwani, ndio wanaouzwa sana huku na wengi wanazalishwa hukuhuku. Duka (silitaji) likatuuzia pamoja na tangi la kioo, bakuli la maji na balbu nyekundu ya kuwasha usiku. Tukabeba vyote tukashukuru. Vyote vitatu havifai, nitarudi hapo.

Ila kosa kubwa halikuwa la duka, lilikuwa letu. Mgeni kafika bwana! Jioni ile ile wakaja majirani, wakaja watoto wa Wakongo wa ghorofa ya chini, mume wangu anapiga video anatuma kwenye grupu la familia, mara mtoto amtoe ampandishe mkononi, mara amrudishe, mara tummulike tochi tuone kama kalala. Tangi lenyewe tumeliweka pembeni ya tivii ili kila mtu aone vizuri. Si ndivyo tulivyolelewa, mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza? Yule mnyama siku ya pili akawa kama mkaa, ukijani wote umepotea, siku ya tatu anafumba macho mchana kweupe, nyenje tuliomwekea awale wanampanda miguuni wala hana habari nao. Nikampigia mama Muheza. Mama akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, weusi huo ni mikosi, mtoeni nje." Nje yenyewe ni Januari ya Minnesota, nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikamwambia haya mama, tutaongea kesho.

Tukampeleka kwa daktari wa wanyama anayewajua hawa wa jamii ya mijusi. Swali lake la kwanza halikuwa anakula nini, aliuliza mnamwangalia mara ngapi kwa siku? Tukatazamana. Akatueleza kwamba kinyonga hana mbio, hana sumu, hana kelele, silaha yake ni kutoonekana tu, kwa hiyo akijua umemwona kwake ni kama ameshakamatwa. Na porini ndege wanamjia kutoka juu, sasa sisi kila tukifungua tangi mkono unashuka kutoka juu kama mwewe. Halafu kile kioo. Kinyonga ni mtu wa kukaa peke yake, akimwona mwenzie anakasirika au anaogopa, na ndani ya kioo alikuwa anajiona yeye mwenyewe, siku nzima anashindana na sura yake. Hapo hata mimi ningekuwa mweusi.

Hapa niseme kitu kuhusu rangi maana hata nyie wa magazeti mnamwonea, mwanasiasa akihama chama basi kinyonga. Hafuati rangi ya anapokaa jamani. Ukimweka kwenye kitambaa chekundu hawi mwekundu. Anabadilika kwa hofu, kwa hasira, kwa baridi, akitaka kuota jua anajitia weusi ili ashike joto. Ni uso wake ule, anasema kilicho moyoni, wanasiasa wangekuwa hivyo tungefurahi.

Basi tukaanza upya. Tangi tukarudisha, tukatafuta banda la wavu, sentimita 60 kwa 60 na urefu 120, tukaliweka juu ya meza ili awe juu, kinyonga akiwa chini ya macho ya watu hana raha. Ndani tukajaza matawi na ule mmea wa kutambaa watu wanaouweka sebuleni kwenye chupa ya maji, hauna shida hata akiuma jani. Sakafuni hatukuweka mchanga wala magome, asije akameza. Mama mwenye nyumba, yaani mimi, nikatoa kanga yangu moja nikaifunga pande tatu za banda asione watu wanaopita, juu nikaacha wazi kwa sababu ya taa, msije mkachoma nyumba. Tivii ikahamia ukuta mwingine, mume wangu akanuna wiki nzima, mpira anautazama shingo upande.

Na sheria moja tu, wiki mbili hakuna kumshika. Asubuhi mnyunyizie maji, weka chakula, ondoka. Jioni mnyunyizie tena, ondoka. Hakuna kuchungulia hakuna picha. Mtoto alilia, nikamwambia hesabu uliweza na hili utaliweza.

Maji sasa. Bakuli halitambui, yeye anakunywa matone kwenye majani kama umande, unaweza kumwekea beseni zima akafa kiu pembeni yake. Kwa hiyo unanyunyizia majani vizuri, dakika mbili tatu, maana anachelewa kuanza kulamba, na unaweza kutoboa kikombe cha plastiki tundu dogo ukakiweka juu ya banda kidondoshe tone tone. Huku kwetu winta hita zinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, na yeye hivyo hivyo. Utajua maji yanamtosha ukiangalia kinyesi chake, kile kipande cheupe kiwe cheupe kweli, kikiwa cha machungwa ana kiu.

Taa ni mbili na hapo ndipo wengi wanakosea. Moja ya joto, pale anapoota iwe kama nyuzi 29 kwa mdogo kama wetu, akikua unaongeza kidogo. Nyingine ni ya UVB, yaani inayotoa miale kama ile ya jua, ile ndefu kama tyubu, bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D na kalsiamu haishiki, mifupa inapinda unamwona hivi hivi. Msiseme tumemweka dirishani anapata jua, kioo cha dirisha kinazuia. Zote tumefunga na taima, zinawaka kwa muda wa saa 12 halafu zinazimika, usiku giza tupu na ubaridi kidogo anaupenda, ile balbu nyekundu nimeitupa. Chakula ni nyenje tu wasiozidi upana wa kichwa chake, tunawapaka unga wa kalsiamu kabla ya kumpa, na hao nyenje wenyewe nao wanakula karoti na sukuma wiki, ndio nimefikia huko, nawakatia nyenje sukuma wiki.

Siku ya nne rangi ikaanza kurudi. Ya saba tukakuta nyenje wamepungua ila hatukumwona akila. Kwenye ule wimbo wa mgeni siku ya kumi ni mateke na magumi, kwetu ya kumi ndio siku alitukaribisha, mtoto amesimama na chombo cha chakula kwa mbali, jicho moja linamwangalia yeye lingine linamwangalia nyenje, halafu ulimi ukatoka mrefu kuliko mwenyewe, pap! Mtoto hakupiga kelele. Alinigeukia tu mdomo wazi.

Kwa wenzangu mlioko nyumbani, Tanzania au Kenya, msiende kumtoa mtini. Kwanza bila kibali ni kosa la kisheria, na Tanzania hata kuwasafirisha nje wanyamapori hai serikali ilisimamisha 2016. Pili wa milimani kama wale wa Amani joto la Dar watalihimili vipi. Mna bahati mnawaona bure, mwonyesheni mtoto pale pale kwenye ua, msimame mbali.

Mama bado anauliza kama yule mdudu tumeshamtoa. Wiki ya tatu nilijaribu kufungua ile kanga, akageuka rangi papo hapo, nikairudisha. Sasa doti yangu imebaki nusu, na kwenye harusi ya mwezi ujao sijui nitavaa nini.

Mama wa mfuga kinyonga,
Minneapolis, Marekani