Nimeuziwa bati geji 30 nikapakiliwa geji 28, nyumba nimeshapaua, hili deni ni langu?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunishambulia maana hili jambo ukilisikia juu juu unaona dogo, ila kwangu limeshaleta ugomvi, saa hizi mimi na baba watoto tunaongea kwa kutumana watoto, "mwambie mama yako", "mwambie baba yako", ndo tulipofika.

Mimi nina duka dogo la vipodozi na khanga Mbezi, mume wangu ni fundi magari. Tunajenga Kibaha, na mnaojenga kwa hela ya kudunduliza mnajua ilivyo, msingi mwaka huu, kuta mwaka mwingine, halafu unasimama mpaka nyasi zinaota sebuleni. Mwaka huu nikakopa kikoba, yeye naye akauza pikipiki, tukasema liwalo na liwe tunapaua.

Fundi alipiga hesabu tukahitaji bati 72 za msauzi za mita tatu, rangi maruni. Tukaenda duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi huku huku Mbezi, geji 30 walikuwa wanauza 29,000 na geji 28 ni 39,000. Wasiojua mambo ya bati, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 32 hiyo ni karatasi kabisa, 30 ndo saizi yetu sisi wa kudunduliza, 28 ni nene na inadumu ila bei yake sasa. Geji 28 hata hatukuiulizia mara mbili. Tukalipa geji 30, milioni mbili na elfu themanini na nane, risiti ya mashine nikadai mwenyewe nikaipiga na picha kwa simu maana zile karatasi ukikaa nazo kidogo tu maandishi yanapotea. Imeandikwa vizuri tu, BATI G30, 72. Kirikuu ikapakia stoo, ikapeleka saiti, mimi nikarudi dukani kwangu.

Nyumba ikapauliwa, ikaisha, kofia zikawekwa, nikaenda kuangalia nikapiga vigelegele peke yangu. Fundi wakati namlipa hela yake ya mwisho akaanza kucheka, akasema mama ongeza na ya soda, leo nimekupaulia nyumba ya geji 28 kwa hela ya geji 30. Nikajua ananitania. Akanipeleka kwenye bati tatu zilizobaki, akageuza moja, upande wa chini kuna maandishi ya wino yale ya kiwandani, na 28 imeandikwa. Akachukua kipande cha 30 alichokuwa nacho kwenye mfuko wake wa vifaa akanipa nikunje kwa mkono, kikakunja. Cha kwangu nikashindwa. Nikamuuliza sasa mbona hukusema? Akanijibu hana wasiwasi kabisa, "nilijua tangu siku ya kwanza, ningekwambia ungezirudisha." Yaani yeye anaona kanifanyia wema, na soda yake akaidai kweli.

Hapo nikasema sawa, nitafakari kwanza. Sasa kabla sijamaliza kutafakari akanipigia yule dereva wa kirikuu. Anasema mama, kule dukani kimenuka, bosi kahesabu stoo kakuta geji 28 zimepungua 72 na geji 30 zimezidi 72, yule kijana wa stoo anasema atakuwa amechanganya mzigo maana rangi ni moja na zilipangwa jirani, bosi hataki kusikia, anasema kijana kapiga dili na mteja, kauza 28 kwa risiti ya 30 wakagawana cha juu. Anamkata mshahara kila mwezi mpaka hela itimie na bado anatishia kumpeleka polisi. Mteja mwenyewe hawamjui kwa uhakika sababu wiki ile geji 30 zilitoka nyingi. Halafu dereva akamalizia, "mimi sijasema kitu, nakuachia wewe." Mpaka leo sijui alikuwa ananipa taarifa au ananiomba kitu, na jinsi madereva wa kirikuu ninavyowajua sitaki hata kuuliza.

Sasa piga hesabu, tofauti ni elfu kumi kila bati, mara 72 ni laki saba na ishirini. Kijana wa stoo maduka haya analipwa nini, laki mbili, mbili na nusu akipata bosi mwenye huruma. Hiyo ni miezi mitatu mpaka minne anafanya kazi bure.

Mume wangu hataki kusikia habari ya kulipa, na siwezi kusema hana hoja. Duka hilo hilo tuliwahi kununua bati chache za jiko la nje, tukalipia geji 30, jirani ambaye ni fundi alivyozishika akasema hizi ni 32. Tukazirudisha na risiti mkononi, bosi mwenyewe akatunyooshea kidole ukutani palipobandikwa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akasema mlikagua wenyewe mkapakia. Jiko lile lina kutu mpaka leo. Sasa mume wangu anasema sheria ni yake, kaiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, mali imeuzwa hairudishwi, kwa nini ikitupiga sisi iwe sheria ikimpiga yeye iwe makosa? Na tena anasema wale wametupunja mara ngapi kwenye misumari ya kupima kwa kilo. Mama mkwe yeye kamaliza kwa neno moja, riziki.

Mimi hapo kwenye lile jiko nakubali tunamdai. Ila hata ukitoa, zile bati za jiko zilikuwa kumi na mbili tu, hazifiki laki saba hata kwa kulazimisha. Na anayelipa saa hizi siye bosi, bosi keshahamishia kwa mtoto wa watu.

Kuna mpwa wangu anasoma sheria mwaka wa tatu, nikamuuliza kwa siri. Akasema shangazi sheria haina utata, Sheria ya Mikataba Sura ya 345, ambayo anasema tuliirithi kutoka ile ya Wahindi ya 1872, mtu aliyelipwa hela au kuletewa kitu kwa makosa anatakiwa kurudisha au kulipa. Akanihadithia kesi moja ya Singapore, mwaka 2003 kampuni moja ya mtandaoni ilikosea bei ya printa za HP, printa ya dola zao 3,854 ikaonekana ni dola 66, basi kuna vijana sita usiku wakapigiana simu wakaagiza printa 1,606 wao sita tu, kampuni ikagoma kuleta, wakaenda mahakamani wakashindwa, wakakata rufaa, mwaka 2005 wakashindwa tena, kwa sababu ushahidi ulionyesha walijua kabisa kwamba ile bei imekosewa na ndo maana walikuwa wanakimbizana nayo usiku.

Nikamwambia sasa hapo ndo mimi natofautiana nao. Mimi sikujua. Sikukimbilia kitu, niliomba 30 nikalipia 30. Akaniambia ndiyo, ulikuwa hujui wakati wa kununua, ila sasa unajua. Mtoto anakera huyu lakini ada tunayomlipia haijapotea.

Na hili la kusema "sasa unajua" ndo linanisumbua, sababu ingekuwa hela imeingia kwenye simu kimakosa hata nisingewaandikia. Niliwahi kuingiziwa elfu arobaini ya mtu nikapiga huduma kwa wateja ikarudishwa kwa njia zao (na nyie msirudishe kwa namba mnayotumiwa kwenye meseji, wale ni wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wezi). Hela inarudi ilivyo, mnamalizana. Bati ninazirudishaje? Zimeshapigwa misumari, kila moja ina matundu, zingine fundi kazikata kwenye kona za paa. Nikizing'oa napata chuma chakavu, na nyumba inabaki wazi na mvua hizi.

Kwa hiyo kinachobaki ni hela, na hapo napo nina swali langu la kibiashara. Kwa nini nilipe bei ya 39,000 kwa kitu ambacho sikukiagiza? Mimi kama mfanyabiashara najua ile 39,000 ina faida yake ndani. Angeniuliza siku ile "mama chukua 28" ningekataa, na nilikataa. Sasa kwa makosa ya stoo yake yeye apate na faida ya mauzo ambayo asingeyapata kamwe kwangu? Nikifikiria haki naona nimrudishie kile alichopoteza, yaani tofauti ya bei aliyonunulia yeye kiwandani, faida aisahau. Mpwa wangu anasema hapo hata mawakili wangebishana. Bosi yule namjua, hatakubali kunionyesha bei ya kiwandani hata kwa mtutu.

Bati tatu zilizobaki nzima hizo sina shida nazo, nazirudisha hata kesho.

Nimeuliza na watu wa dini. Shehe wa mtaani kwetu kasema hii ni haki ya mja, hapa kutubu peke yake hakutoshi mpaka mwenyewe umrudishie au akusamehe. Jirani yangu mlokole yeye kanifungulia Walawi sura ya 6, unarudisha kamili na unaongeza sehemu ya tano juu yake. Mume wangu aliposikia hiyo akachukua simu akapiga hesabu, 864,000, akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi mwambie aje aishi humo kabisa.

Ila ngoja niseme kinachoniuma kuliko yote. Mimi nina binti ananisaidia dukani. Siku moja alimrudishia mteja chenji ya elfu ishirini badala ya elfu mbili, mteja akaona, binti anaapa kwamba yule mama aliangalia zile noti akazikunja akaondoka bila kuhesabu mara ya pili. Nilimkasirikia yule mama wiki nzima, nikawa nawaangalia wateja wote kama wezi. Na binti nilimkata nusu, sijui kama nilifanya sawa lakini ndo biashara zetu zilivyo, mtaji mdogo, kila pengo lazima mtu alibebe. Kwa hiyo nikisikia huyo kijana anakatwa najua ni kitu gani kinaendelea nyuma ya kaunta.

Na kuna jambo mume wangu bado hajalielewa, au hataki kulielewa. Kijana hatuhumiwi kukosea, anatuhumiwa kuiba. Mtu pekee duniani anayeweza kusema hakuiba ni mimi mteja, kwamba sikumjua, sikumpa hata mia, na nilikuwa sijui nilichobeba. Hata nikituma laki saba kwa siri kwa bosi bila jina, kijana atabaki mwizi, na pengine bosi ataona ndo ushahidi kabisa, dili limewashinda wamerudisha hela. Nikimpa kijana mwenyewe hela mkononi kufidia mshahara wake, bosi akijua si ndo tumejifunga wote wawili? Na nikienda mwenyewe kwa miguu yangu na risiti yangu, yule bosi ninavyomjua anaweza kusema "ahaa, kumbe ni wewe", tukaishia kituoni wote, mimi, kijana, na fundi mwenye soda yake.

Niliwaza niende na mjumbe wa nyumba kumi au mtu wa serikali ya mtaa awe shahidi, nibebe risiti na zile bati tatu, nieleze kila kitu, nikubali kulipa kwa awamu laki moja moja maana kikoba bado wananidai, na kila awamu anikatie risiti ya mashine isije kesho akasema sijamlipa. Lakini nikifanya hivyo bila mume kukubali najua nyumbani kutawaka, hela ya pikipiki yake imo kwenye ile paa, ana sauti. Na nikisubiri akubali, kila mwisho wa mwezi kijana anakatwa.

Kwa hiyo naomba mnisaidie haya. Kwanza nikilipa, ni halali nigome bei ya rejareja nilipe pungufu? Pili, lile jiko la geji 32 nilitaje pale mbele ya bosi tukatane hesabu au nitaonekana natafuta visingizio? Tatu, nianzie kwa nani, nimtafute kijana kwanza pembeni tuongee au niende moja kwa moja kwa bosi na shahidi? Na kuhusu mume wangu, wanaume humu semeni ukweli, mkeo akilipa hela kama hii kimya kimya kutoka kwenye duka lake mwenyewe wewe utamchukuliaje?

Wenye maduka ya ujenzi hasa nyie ndo nawaomba mnijibu, maana huku mtaani kila niliyemuuliza ni mnunuzi, na wanunuzi wote jibu lao ni moja, kaa kimya mama, paa lako zuri.