Navua besi bwawa la Rodman, na bado nasema livunjwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Wamarekani wanabomoa mabwawa yao huku sisi tukishangilia la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, kwa hiyo ama wao wamechanganyikiwa ama sisi tumedanganywa. Mimi naishi Ocala, Florida. Kazi yangu ni kuendesha malori. Mwendo wa saa moja kutoka kwangu kuna bwawa ambalo watu wanalumbana kulivunja au kuliacha tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na sasa nina miaka 58. Nisipokuwa safarini, Jumamosi hunikuta humo na fimbo yangu ya kuvulia. Kesi ya mto Klamath, magharibi mwa Marekani, ambako mabwawa manne yameondolewa na kazi ikaisha mwaka 2024, naisoma tu kama yeye. Hii ya kwangu naijua kwa kulowa.

Bwawa linaitwa Rodman, na limeziba mto Ocklawaha. Halizalishi hata wati moja ya umeme. Hakuna mji unaokunywa maji yake, halimwagilii shamba, wala halikujengwa kuzuia mafuriko. Lilikuwa kipande cha mfereji wa meli uliokusudiwa kuikata Florida kutoka Atlantiki hadi Ghuba ya Meksiko. Bunge la Marekani liliidhinisha mfereji huo mwaka 1942, nyambizi za Wajerumani zikizamisha meli pwani. Rais Lyndon Johnson alikuja kulipua baruti ya uzinduzi Februari 1964, na kufikia hapo Wajerumani wa Magharibi walikuwa marafiki wa kunywa nao kahawa! Tuta la udongo, kilomita mbili na ushei, likakamilika 1968. Januari 1971 Rais Nixon akasimamisha mradi mzima, mfereji ukiwa mbali na kukamilika. Bwawa likabaki linasubiri meli.

Aliyeongoza kuupinga mfereji alikuwa mama mmoja mtaalamu wa wanyama, Marjorie Harris Carr. Yeye na wenzake waliunda chama mwaka 1969, wakaenda mahakamani, wakashinda kuhusu mfereji. Bwawa hawakuliweza. Alifariki 1997, likiwa palepale. Leo ukanda wote wa ardhi iliyokuwa ya mfereji una jina lake, na tuta lenyewe lina jina la seneta wa jimbo, George Kirkpatrick, aliyepigana miaka yote lisivunjwe. Kila nikipita kwenye vibao hivyo viwili huwa nacheka peke yangu garini.

Sasa samaki. Huku anaitwa "bass", nami nimeamua kuandika besi, kwa sababu mara ya kwanza nilipompigia mama simu nikamwambia, "Mama, nimevua basi," alinijibu, "Basi umevua. Umevua nini?" Wakenya wanamfahamu, yupo Ziwa Naivasha tangu alipopandikizwa mwaka 1929. Ni wa kijani kibichi, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake unameza ngumi. Tabia yake si ya perega. Perega jike hutamia mayai mdomoni mwake na vifaranga humkimbilia humohumo. Kwa besi, dume ndiye hufagia shimo kwa mkia, jike akitaga anaondoka, na baba hubaki akilinda, akimgonga kila anayekatiza. Nilipolijua hilo nilimheshimu.

Besi ni mviziaji. Hujibanza kando ya kisiki akingoja. Na Rodman ina visiki kuliko maelezo, kwa sababu kabla ya kujaza maji walileta mtambo wa tani 306 ukapita bondeni ukiilaza miti na kuikandamiza matopeni. Maji yalipopanda, magogo yakaibuka. Mingine ilibaki imesimama, mpaka leo inakatika mmojammoja. Mwenye boti asiyeijua njia huipoteza pangaboi siku ya kwanza. Mimi huachia mnyoo wa plastiki wa rangi ya zambarau, taratibu, ushuke ubavuni mwa gogo. Wenyeji wakongwe wanatumia kisamaki hai cha rangi ya dhahabu, wanakitoboa mdomo kwa ndoana na kukiacha kiogelee chini ya magugu maji. Kikianza kuhangaika na kurukaruka juu ya maji, ujue mkubwa amekiona. Hapo hata wanaosengenyana hunyamaza.

Wa kwangu mkubwa alipungua kidogo paundi 9, kama kilo nne. Jimbo lina mpango uitwao TrophyCatch: ukipata besi wa paundi 8 au zaidi, unampima, unampiga picha, unamrudisha majini, nao wanakutambua. Nikamrudisha. Kaka yangu pale Mwanga nilipomsimulia alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwani alikuwa na kosa gani?" Kwetu Lang'ata mtu anayemrudisha majini samaki wa kilo nne angepelekwa kuombewa.

Nimetaja Lang'ata ili mwandishi yule asidhani naongea kama mtalii. Nimekulia kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, mkoani Kilimanjaro. Baba alishuka kutoka Usangi katika miaka ya 1960, bwawa lilipokuwa linajaa, mtu wa migombani asiyejua hata kuogelea. Akafundishwa nyavu na Wajaluo na Wanyasa waliofika na ujuzi wao. Alikuwa akisema miaka ile ya mwanzo perega walikuwa wanaingia wavuni kama wameitwa. Nilipofikia umri wa kupiga kasia, hadithi ilikuwa imegeuka: nyavu zinatobolewa na visiki, samaki wadogo, watu wanavua kwa kokoro usiku. Baba alilaumu kokoro. Mimi, baada ya kuona mabwawa mawili, nalaumu kokoro nusu. Bwawa jipya hunona kwa sababu majani, samadi na miti iliyofunikwa na maji inaoza na kulisha kila kitu. Mbolea hiyo ikiisha, utajiri unashuka, hata mkivua kwa adabu. Watu waliohamia kwa ajili ya miaka minono hukuta wamejenga nyumba kwenye miaka myembamba.

Lakini Nyumba ya Mungu lina kazi. Mitambo yake ya megawati 8 ni midogo, ila maji linayoyatunza yanateremka Pangani hadi mitambo ya Hale na ile ya chini yake. Ukija kwetu na hoja ya kulivunja, nitakuuliza taa za Tanga utaziwasha na nini. Rodman sina cha kuliuliza, maana mwajiri wake alikufa 1971.

Nilikuwa upande wa kulilinda kwa miaka kadhaa. Nilikuwa hata na kibandiko nyuma ya gari. Kilichonigeuza ni maji kushuka. Kila miaka mitatu au minne wasimamizi hufungua milango wakati wa baridi, kina kinapungua, magugu yanakauka, kisha wanajaza tena. Wavuvi tunapenda, maana besi wanakusanyika penye mkondo. Majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020 nilikodi kayaki, kimtumbwi chembamba cha kasia, kwenda kuwafuata. Niliona msitu wa visiki vya kijivu, ekari kwa ekari, ukimya wa makaburini. Nikapiga kona moja, nikatokea mahali panaitwa Cannon Springs. Maji meusi ya bwawa yalikatika kama yamepigiwa mstari. Chini yangu kulikuwa na shimo la buluu, maji yanachemka kutoka mchangani, naona hadi kokoto.

Mhariri, maji yale niliyafahamu. Ni Chemka! Waliokwenda Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, wataelewa: ile buluu, mizizi inaonekana, unaona hata kucha za miguu yako. Nilitia mkono, uvuguvugu, na nje baridi ilikuwa inauma. Chemchemi 20 hivi zimelala chini ya Rodman namna hiyo, na kilomita 26 za mto pamoja nazo. Miezi michache baadaye milango ikafungwa, bwawa likarudi, na mimi nikapita juu ya mahali palepale na boti nikivua. Nilipata wawili. Sikufurahi kama zamani.

Joto hilo la chemchemi ndilo wanalolitafuta nguva wa huku wakati wa baridi, ndugu wa nguva wetu wa Rufiji na Mafia, wasije wakafa kwa ubaridi. Mto ungekuwa wazi, wangepanda kutoka mto Saint Johns hadi chemchemi kubwa za Silver Springs. Tuta limewafungia, na wachache tu hupenya kupitia lango la kupandishia boti. Samaki wanaopanda kutoka baharini nao yamewakuta hayohayo.

Wanaolitetea si wajinga, na hapa nataka niwe mkweli. Wilaya ya Putnam, ambako tuta liko, ni miongoni mwa maskini wa Florida. Mashindano ya besi yanajaza nyumba za wageni Palatka, maduka ya chambo yanapumua. Chini ya tuta, penye milango, utakuta watu wasio na boti, wengi wao Wamarekani Weusi, wameketi kwenye viti vya kukunja na ndoo zao. Wanavua kambale na vijisamaki vya kukaanga. Hawa hawarudishi kitu. Kuna mzee mmoja hapo ninayemwita Babu, aliuona mto kabla ya bwawa, alikuwa kijana. Nilidhani atasema livunjwe. Alinitazama akaniuliza hao watu wa kayaki wanaotaka livunjwe watamwekea wapi kiti chake. Pale tutani samaki wakitaka kupanda hukwama, hujazana, na mzee asiye na nguvu anawapata. Mto ukiachwa huru watatawanyika. Sina jibu zuri la kumpa Babu, na wenye mipango nimewasikia wakimpita haraka kwenye mikutano.

Hata hivyo nasema tuta likatwe. Si lote, mpango wenyewe ni kufungua sehemu mto upite na kuacha udongo mwingine ulipo. Ila kabla ya trekta la kwanza, zijengwe gati za kuvulia kando ya mto, zenye kivuli, zifikike kwa mtu mwenye fimbo ya kutembelea. Pesa nazo zilikaribia kupatikana. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilitenga dola milioni 6.25 za kuanzia, gavana akazifuta kwa kalamu. Basi sisi wa besi tukapata mwaka mwingine. Na niwaambie wenzangu wa besi, ambao wengine wameacha kunisalimia: Florida ina maziwa yasiyohesabika, na besi yumo karibu kila moja. Tutaendesha gari nusu saa zaidi. Chemchemi haiendeshi gari.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Rufiji. Bwawa la Nyerere ni la megawati 2,115, nalo lina kazi kubwa na taa zinaonekana. Kulilinganisha na Rodman ni kulinganisha jembe na mpini usio na jembe. Angeandika kuhusu mkulima wa mpunga wa Rufiji, kule chini, aliyezoea mafuriko ya mwaka yamletee udongo shambani, na mvuvi wa kamba kwenye delta, ningeisoma barua yake mara mbili. Maji yanafunguliwa lini, kiasi gani, na nani anawapigia simu usiku kabla hayajafika? Hayo ndiyo ya kuuliza wakati tuta bado jipya na wahandisi bado wapo. Huku wakubwa hawakuuliza hadi tuta lilipokauka, na wajukuu ndio wanalumbana.

Jumamosi hii nisipopangiwa mzigo wa Atlanta nitashusha boti gati ya Kenwood alfajiri. Babu ameniagiza minyoo, ya hai, si ya plastiki.

Mzaliwa wa Lang'ata, Mwanga
Ocala, Florida, Marekani